Kabla ya Kununua Mashine ya Kutafuta Mali Iliyofukiwa Chini Sana



Katika ukurasa huu tumezoea kuongea juu ya mizinga ya nyuki, matangi ya maji na namna ya kuandika daftari la mweka hazina. Leo tunaongea juu ya jambo ambalo pengine mtalicheka. Tafadhali msilicheke. Hata sisi tulicheka mwanzoni, na tukajuta.

Kikundi kimoja cha akina mama na wazee wachache, huku upande wa Taveta, kilikuwa kimeweka akiba ya shilingi 84,000 kwa ajili ya tangi la maji. Akaja mgeni mwenye maneno matamu. Alikuwa na mfuko mweusi, ndani yake mashine yenye mpini na antena mbili. Akasema Wajerumani waliokuwa hapa wakati wa vita vya kwanza walifukia masanduku ya dhahabu mita tano chini ya ardhi, na mashine yake inaweza kuyasikia ukiwa umesimama mbali. Yeye hataki kuchimba. Anauza mashine tu. Shilingi 80,000. Alipewa 6,000 za kushika nafasi, zilizobaki angepewa wiki ya pili.

Mwenyekiti alipotuletea habari hiyo, mmoja wetu aliangua kicheko mbele ya wanachama. Mama mmoja akasimama akasema, "Mwalimu, unacheka kwa sababu una mshahara." Maneno hayo yalituchoma. Tukaomba msamaha, tukaomba na wiki mbili za kujifunza. Somo hili ndilo tulilorudi nalo.

1. MASHINE INASIKIAJE?

Wacha tuanze na ukweli: mashine za kusikia metali ziko, na zinafanya kazi. Si uchawi.

Ndani ya ile sahani ya chini mna waya uliozungushwa mara nyingi. Mafundi huuita koili. Umeme wa betri ukipita humo kwa kubadilika-badilika, sahani inatoa nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Nguvu hiyo ikigusa metali yoyote, iwe chuma, shaba, fedha, dhahabu, hata sufuria, umeme mdogo unazunguka ndani ya metali hiyo. Umeme huo nao unatoa sumaku yake, kama mwangwi. Mashine inasikia mwangwi huo, nayo inalia.

Kutoka hapo tunajifunza mambo mawili. Kwanza, mashine haisikii kitu kisicho metali. Noti za karatasi, pembe za ndovu, hati za mashamba na vito haisikii kamwe. Pili, mwangwi unafifia haraka mno. Kwa kitu kidogo kilicho mbali, ukiongeza umbali mara mbili, mwangwi unapungua mara 64 hivi. Ndiyo maana anayesema "mashine hii ina betri kubwa, basi inafika mbali" hajasema kitu. Ili kwenda chini mara mbili kwa nguvu peke yake, ungehitaji nguvu mara 64.

Mashine hizi zina historia. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi. Alexander Graham Bell, yule wa simu, alileta chombo chake kutafuta risasi mwilini. Chombo kililia kila mahali. Kumbe kitanda cha Rais kilikuwa na springi za chuma! Isitoshe, daktari mkuu aliamini risasi iko upande wa kulia, na huko ndiko walikotafuta. Baada ya Rais kufa ilionekana ilikuwa upande wa kushoto. Chombo hakikuwa na kosa. Mahali palikuwa na chuma kingine, na watu walitafuta pale walipokuwa wameshaamua. Wengi wetu tunakosea hivyo hivyo hadi leo.

Baadaye, katika miaka ya 1930, Gerhard Fischer, Mjerumani aliyehamia Marekani, alitengeneza mashine ya masanduku mawili. Na mwaka 1942 chombo kilichobuniwa na ofisa wa Poland, Józef Kosacki, kilitumiwa kutafuta mabomu ya ardhini katika vita vya El Alamein, Misri. Jina la chombo hicho mtalikumbuka tutakapofika sehemu ya hatari.

2. SAHANI KUBWA AU NDOGO?

Mtu anayetafuta sarafu moja moja na mtu anayetafuta chungu kizima au sanduku hawanunui mashine moja. Ni kama wavu: wavu wa dagaa na wavu wa sangara ni tofauti.

(a) Mashine ya kawaida, sahani ya sentimita 20 hadi 30. Hii ndiyo mnayoiona mara nyingi. Sarafu moja inaisikia kwenye sentimita 15 hadi 25 hivi. Kitu cha ukubwa wa sufuria inaweza kukisikia nusu mita au zaidi kidogo. Inasikia pia kila msumari, kifuniko cha soda na kipande cha waya. Ni nzuri kwa vitu vidogo vya karibu. Kwa sanduku lililo mita moja na nusu chini, haifai.

(b) Mashine hiyo hiyo ikiwekwa sahani kubwa, sentimita 38 hadi 45. Inaongeza kina kidogo, si mara mbili. Ni nzito, mkono unachoka, na sarafu ndogo sana inaanza kuzikosa.

(c) Mashine ya masanduku mawili. Sanduku moja linatoa sumaku, lingine linasikia, na katikati kuna mpini wa mita moja hivi. Mtu mmoja anaibeba kama mkoba huku akitembea. Uzuri wake ni kwamba misumari na vifuniko haivijali kabisa. Vitu vidogo vinaipita. Kitu cha ukubwa wa ndoo inaweza kukisikia kwenye mita moja hivi, na cha ukubwa wa pipa la mafuta kwenye mita mbili, udongo ukiwa mzuri. Ubaya wake ni kwamba haikuambii ni metali gani.

(d) Mashine ya mapigo yenye fremu kubwa, mita moja kwa moja au zaidi. Hii inatoa sumaku kwa mapigo mafupi mafupi, kisha inanyamaza na kusikiliza. Fremu mara nyingi hubebwa na watu wawili. Kina chake kinakaribiana na cha masanduku mawili, pengine zaidi kwa kitu kikubwa sana. Sifa yake kubwa ni kuvumilia udongo wenye madini. Nayo haijui vizuri kutenganisha chuma na fedha.

(e) Vyombo vya wataalamu. Kuna rada ya ardhini, ambayo udongo wa mfinyanzi ulioloa unaizima kabisa. Kuna pia kipima-sumaku, ambacho kinasikia chuma na vitu vyenye asili ya chuma tu. Dhahabu na fedha hakizijui. Hivi si vya kununua na kikundi. Vinakodishwa pamoja na mtu aliyesomea.

Kwa hiyo jibu fupi ni hili: kwa mali kubwa iliyo chini sana, chaguo ni (c) au (d). Kama eneo ni la makazi ya zamani lenye takataka nyingi za chuma na udongo usio na shida, (c). Kama udongo una madini mengi, (d). Na yeyote anayewaahidi mita tano au kumi kwa sanduku dogo, mwambieni asante na kwaheri.

3. UDONGO WETU

Udongo mwekundu sana, mawe meusi ya volkano na mchanga mweusi wa mtoni vina chembe za asili ya chuma. Chembe hizo nazo zinajibu sumaku, na mashine inachanganyikiwa: inalia pasipo kitu, au inanyamaza penye kitu. Mashine nzuri ina kirekebisho cha udongo. Unaishusha na kuiinua juu ya ardhi tupu huku ukirekebisha mpaka itulie. Mashine isiyo na kirekebisho hicho, kwa sehemu nyingi za nchi yetu, ni hasara.

Fanyeni jaribio la bure. Chukueni sumaku ya spika iliyoharibika, mfungie katika karatasi ya nailoni, mpitishe kwenye udongo mkavu. Ikijaa vumbi jeusi, udongo wenu una madini hayo. Muulizeni muuzaji mashine yake itafanya nini hapo, na asijibu kwa mdomo, aonyeshe.

4. SWICHI YA KUKATAA CHUMA

Mashine nyingi zina swichi ya kukataa chuma ili usichimbe misumari. Watu wanaipenda. Lakini fikirini: mtu wa zamani akificha mali, aliitia wapi? Mara nyingi ni katika mkebe, sanduku la bati, sufuria ya chuma. Ukikataa chuma, umekataa sanduku pamoja na kilichomo. Tena, kitu kikiwa chini sana mashine haijui tena ni metali gani, inakisia. Anayetafuta kitu kikubwa huacha mashine isikie metali zote, na anapunguza usumbufu kwa kutumia sahani kubwa.

5. MASHINE ZA UONGO

Hapa tusikilizane vizuri. Kuna vifaa vyenye antena zinazogeuka zenyewe, ati vinaonyesha dhahabu ilipo kutoka mita mia au kilomita nzima. Antena inageuka kwa sababu mkono wa mtu unainama kidogo bila yeye kujua. Ndani hamna kitu.

Msidhani wanaodanganywa ni watu wa vijijini tu. Mwingereza mmoja, James McCormick, aliiuzia Iraq na nchi nyingine vifaa vya namna hiyo akisema vinanusa mabomu. Vilitokana na kitu cha kuchezea kilichouzwa ati kinatafuta mipira ya gofu. Askari walivitumia kwenye vizuizi vya barabarani, na magari yenye mabomu yakapita. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimhukumu kifungo cha miaka 10. Ikiwa serikali nzima ilinunua, basi mama wa kikundi hana haja ya kuona aibu. Aibu ni ya mwizi.

6. JARIBIO LA MASHIMO KUMI

Hili ndilo moyo wa somo. Andikeni kwenye daftari.

Kwanza, chimbeni mashimo kumi kwa mstari, mita tatu kutoka shimo hadi shimo, kila moja kina cha mita moja. Mchague mahali pasipo mabati, seng'enge wala waya za umeme.

Pili, muuzaji akiwa mbali asikoona, mwanachama mmoja tu afukie sufuria kubwa yenye mfuniko katika shimo moja. Mashimo yote kumi yajazwe na kusawazishwa sawa sawa, kwa sababu udongo uliochimbwa unaweza kujulikana kwa macho.

Tatu, aliyefukia aondoke kabisa. Asikae pale. Uso wa mtu unaongea. Wanaobaki wasijue sufuria iko wapi.

Nne, muuzaji apite na mashine yake, ataje shimo. Andikeni jibu kabla ya kufukua.

Tano, rudieni mara tatu, sufuria ikihamishwa.

Kwa kubahatisha, mtu anaweza kupata mara moja katika kumi. Kupata mara tatu mfululizo kwa bahati ni moja katika 1,000. Mashine ya kweli inayofaa kazi hii itapata. Akikataa jaribio, au akisema "dhahabu tu ndiyo inayosikika", "leo jua ni kali", "kuna mtu hapa hana imani", mmeshajua jibu.

Yule mgeni wa Taveta aliambiwa habari ya mashimo kumi kwa simu. Alisema atakuja Jumamosi. Hadi leo ile Jumamosi haijafika, na zile 6,000 hazijarudi.

7. TUPIME NA HADITHI YENYEWE

Hata mashine ikiwa ya kweli, je, kitu chenyewe kipo? Mashine haiwezi kupata kisichofukiwa.

Ni kweli Wajerumani waliishika Taveta tangu Agosti 1914 mpaka Machi 1916. Ni kweli pia kwamba walitengeneza sarafu za dhahabu, za rupia 15, katika karakana ya reli kule Tabora. Lakini tupige hesabu. Sarafu hizo zilitengenezwa mwaka 1916, na jumla yake ilikuwa 16,198. Kila moja ina uzito wa gramu 7 na kidogo. Zote pamoja ni kama kilo 116, nazo zingeingia katika debe moja. Sasa masanduku ishirini yanayotajwa vijiweni yalijazwa na nini? Na Tabora ni mamia ya kilomita kutoka Taveta. Askari waliokuwa wanarudi nyuma kutoka hapa mwezi wa Machi waliyapata wapi? Tulipoipiga hesabu hiyo ubaoni, kikundi kilikaa kimya kwa muda. Mzee mmoja hakukubali, na bado hakubali. Tunamheshimu, lakini hesabu ndiyo hiyo.

Hatusemi mali haifukiwi kamwe. Kule Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 watafiti wa mambo ya kale walifukua sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, na za dhahabu chache, zenye umri wa miaka karibu elfu moja. Kisiwani Jersey, karibu na Ufaransa, watu wawili, Reg Mead na Richard Miles, walisikia habari ya sarafu za fedha zilizoonekana mti ulipong'olewa shambani. Walitafuta shamba hilo kwa miaka kama 30, wakiruhusiwa na mwenye shamba, wakiingia baada ya mavuno. Mwaka 2012, kwa mashine yenye kina zaidi, walisikia kitu kikubwa chini, karibu mita moja. Zilikuwa sarafu karibu 70,000 zilizoshikana kama jabali. Na walipoona tu sarafu za kwanza waliacha kuchimba, wakaita wataalamu.

Tazameni mambo matatu hapo: habari yao ilitoka kwa mtu aliyeona kwa macho, shamba lilijulikana, na walikuwa na subira ya miaka 30 huku wakiishi kwa kazi nyingine. Je, hadithi yenu ina hata moja ya hayo?

8. KUTAFUTA SI KUZURURA

Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Kwa sahani ndogo, ukipita mistari ya sentimita 20, utatembea kilomita 20 kwa ekari moja tu. Kwa fremu au masanduku mawili, mistari ya mita moja, ni kilomita nne. Kwa hiyo:

– Fungeni kamba kwenye vigingi, mpite mstari kwa mstari, kisha mpite tena kwa kukata msalaba.
– Anayeshika mashine asivae buti zenye chuma, asibebe panga, funguo wala simu. Kumbukeni springi za kitanda cha Rais.
– Kaeni mbali na mabati, seng'enge na nguzo za umeme.
– Pakilia, wekeni kijiti. Msichimbe mpaka mpite tena kutoka upande mwingine na palie pale pale.

9. HATARI

Chini ya ardhi, kitu kikubwa cha metali si lazima kiwe mali. Katika sehemu zilizopiganiwa, kama Salaita na vilima vya Latema na Reata, kinaweza kuwa kombora ambalo halikulipuka. Ile mashine ya El Alamein haikutafuta dhahabu. Na ndugu zetu wafugaji wa Samburu na Laikipia wanajua: wengi waliumizwa na wengine walikufa kwa mabaki ya mabomu kwenye viwanja vya mazoezi ya jeshi, hadi mwaka 2002 serikali ya Uingereza ikakubali kulipa fidia. Mkiona kitu cha chuma chenye umbo la chupa au yai kubwa, msikiguse, msikigonge. Wekeni alama, ondoeni watoto, mwiteni chifu na polisi.

Shimo lenyewe pia linaua. Shimo la mita mbili lenye kuta zilizosimama wima linaweza kuporomoka bila onyo. Panueni mdomo wa shimo, kuta zilale, udongo uwekwe mbali na ukingo, na mtu asishuke akiwa peke yake.

10. SHERIA NA MWENYE SHAMBA

Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006 inasema vitu vya kale vilivyo ardhini ni mali ya serikali. Kitu cha kale maana yake ni kitu kilichotengenezwa hapa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Huwezi kwenda kuvitafuta bila leseni, na ukikuta kitu kwa bahati unatakiwa kutoa taarifa kwa Makavazi ndani ya siku saba. Kuficha au kuuza ni kosa. Kwa hiyo msidanganywe kwamba kila kilicho chini ya shamba lako ni chako. Na madini ya dhahabu yana sheria yake, ya mwaka 2016, na kibali chake. Tena, dhahabu ya chembe ndogo iliyo ndani ya mwamba, kama ile ya Migori na Kakamega, fremu kubwa haiisikii.

Kama shamba si lenu, patano liandikwe kabla ya kigingi cha kwanza. Kule Hoxne, Uingereza, mwaka 1992, mkulima alipoteza nyundo shambani. Rafiki yake, Eric Lawes, akaja na mashine kuitafuta. Akakuta sarafu za Kirumi, karibu 15,000, pamoja na vijiko na mapambo ya dhahabu. Hakuficha. Alitoa taarifa, wataalamu wakafukua kwa utaratibu, akalipwa zawadi ya pauni milioni 1.75, akagawana na mkulima. Na nyundo nayo ilipatikana! Sheria yetu si kama yao, kwa hiyo zawadi kama hiyo msiitegemee. Lakini urafiki wao haukuvunjika, na huo tunaweza kuuiga.

11. HESABU YA MWISHO

Mashine ya kweli ya kina inaweza kugharimu malaki ya shilingi. Ongezeni betri, nauli, vibarua wa kuchimba na siku za kazi mlizoacha shambani. Halafu jiulizeni: tusipopata kitu, mashine itatufanyia nini? Inaweza kutafuta mabomba ya maji yaliyozikwa, valvu zilizopotea na vyuma vya mipaka ya mashamba. Kazi hizo zipo, lakini kwa kazi hizo inatosha kukodi kwa siku moja.

Ushauri wetu ni huu. Mkiwa na habari iliyothibitishwa, ruhusa ya mwenye shamba na leseni, kodini kabla ya kununua. Mkinunua, nunueni kwa duka lenye risiti, garantii na fundi hapa nchini, baada ya jaribio la mashimo kumi. Na pesa zisiwe zile za tangi. Ziwe pesa ambazo zikipotea, hakuna mtoto atakayelala njaa wala mama atakayerudi mtoni kwa sababu hiyo.

Kile kikundi cha Taveta kilipiga kura: 17 walitaka tangi, 5 walitaka mashine. Wawili kati ya hao watano waliondoka kikundini, na jambo hilo bado linatuuma. Tangi limejengwa, kwa shilingi 78,000 zilizobaki na mchango mpya. Shimo la msingi lilipochimbwa, kijana mmoja alipiga kelele kwamba jembe limegonga chuma. Wote walikimbia kutazama, na sisi pia, hatukatai. Lilikuwa jembe la kale lililovunjika mpini. Mama yule aliyetukemea alilichukua, akalitia mpini mpya, na ndilo analolimia sasa.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Je, kuna hadithi ya mali iliyofukiwa katika eneo letu? Nani aliona kwa macho, na nani alisikia tu?
2. Mtu akitushauri kununua kitu tusichokijua, ni nani kikundini mwenye kazi ya kuuliza maswali magumu? Je, tunamheshimu au tunamwita mpinzani?
3. Jaribio la mashimo kumi linaweza kutusaidiaje kupima bidhaa nyingine, kama dawa ya mifugo au mbegu "za ajabu"?
4. Wanachama walioshindwa katika kura, tunawarudishaje?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mwanachama apime udongo wa shamba lake kwa sumaku, alete matokeo. Katibu aandike katika daftari kanuni moja: hakuna pesa za kushika nafasi zitakazotolewa kabla ya jaribio na kabla ya risiti. Wote watie sahihi, na asiyejua kuandika aweke kidole.